Stesheni Iliyotangulia Reli

Afrika Mashariki haina treni ya chini ya ardhi. London ilifungua ya kwake mwaka 1863, njia ya kilomita 6 hivi kutoka Paddington hadi Farringdon. Mwaka huohuo pwani yetu ilikuwa na njia ya kilomita 1,200, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, yenye vituo vinavyojulikana kwa majina, ushuru wake, misimu yake ya kujaa na ya kupwaya, na maelfu kwa maelfu ya wasafiri. Haikuwa na chuma hata kipande. Nguvu yake yote ilikuwa mabegani mwa watu. Kichwa cha njia hiyo kilikuwa Bagamoyo, na uwanja wake wa kupokelea wasafiri bado umesimama katika kata ya Dunda.

Uwanja huo ni Caravan Serai. Unaukuta pale ambapo njia ya kutoka bara inaingia Mji Mkongwe, kabla hujazifikia nyumba za mawe na milango ya nakshi. Umbo lake halina makuu: ua wa pembe nne, safu za vyumba pembezoni zenye baraza mbele yake, na jengo la ghorofa katikati. Mgeni anayetafuta fahari hupita haraka kwenda Ngome Kongwe, au Boma la Wajerumani la mwaka 1897, au Misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Nayaheshimu majengo hayo yote. Lakini anayeupita ua huu bila kusimama ameipita Bagamoyo yenyewe, kwa sababu mji huu ulikuwa stesheni kwanza, na hayo mengine yote yalikuja kwa sababu ya stesheni.

Tuanze na njia, maana stesheni haielezeki bila njia yake. Msafara ukitoka Bagamoyo ulilala karibu sana usiku wa kwanza, mwendo wa saa moja au mbili tu, ili waliosahau vitu warudi kuvichukua na waliolewa pombe ya kuagana wafuate kesho yake. Henry Morton Stanley, aliyeondoka hapa Machi 1871 kumtafuta David Livingstone, alipiga kambi yake ya kwanza Shamba Gonera, nje kidogo ya mji. Baada ya hapo ni mto Ruvu, ambao wakati ule wageni waliuita Kingani. Ulivukwa kwa mitumbwi, mzigo baada ya mzigo, na punda wakivutwa kwa kamba. Ng'ambo ya mto ni Kikoka, kisha Rosako, na kuendelea mpaka Simbamwene, palipo Morogoro ya leo. Kutoka Simbamwene njia ilikata mbuga ya Mkata, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Ugogo ambako watemi walidai hongo kwa kila msafara unaokunywa maji ya visima vyao, na mwishoni ikafika Unyanyembe, jirani na Tabora ya sasa. Hapo njia iligawanyika: moja kwenda Karagwe na Buganda, nyingine Ujiji kwenye ziwa. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, na mvua ikiharibu mambo, zaidi.

Kwa nini kichwa cha njia kiwe Bagamoyo na si mahali pengine? Unguja iko mbele yake, kilomita 40 na ushei kuvuka mkondo, na Unguja ndiko fedha zilikokaa. Ufuko wake ni wa mchanga, wenye mteremko mdogo mno. Jahazi liliingia na maji yakijaa, likakaa juu ya mchanga maji yakitoka, na wachukuzi wakatembea hadi ubavuni mwake wakiwa na mizigo vichwani. Kwa jahazi ni bandari nzuri kabisa. Kwa meli ya moshi si bandari hata kidogo: ilibidi itie nanga mbali, na kila kitu kisogezwe kwa mashua. Jambo hili litarudi kudai malipo yake mwishoni mwa karne.

Sasa mpangilio. Ramani ya Bagamoyo ya zamani husomwa vizuri zaidi kwa miguu, kutoka Serai kuelekea baharini, kwa sababu ndivyo pembe za ndovu zilivyosafiri. Nje ya mji, upande wa bara, zilikuwa kambi: vibanda vya nyasi na matawi ambavyo wapagazi walivijenga wenyewe, kila kundi na watu wa kwao. Kisha uwanja wa kupokelea. Kisha Mtaa wa India, unaokwenda sambamba na pwani, wenye maduka chini na makazi ya wenye maduka juu. Humo mlikuwa na vitambaa, shanga, waya wa shaba, baruti na mizani. Chini ya mtaa huo ni forodha, na baada ya forodha ni maji. Jengo la forodha unaloliona leo karibu na soko la samaki ni la mwaka 1895, lakini ushuru ulikuwa ukitozwa ufukweni hapo tangu zamani, kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Kwa maneno mengine mji mzima ni mfululizo wa hatua: pumzika, pima, uza, lipa ushuru, pakia. Kwa anayekwenda bara hatua hizohizo zilipangwa kinyume.

Nyumba za mawe za mtaa huu zina jambo moja ambalo napenda kila mwanafunzi wa ujenzi alitazame. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wembamba huo haukutokana na ubahili. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haizidi sana mita 3 kabla ya kuanza kupinda. Kwa hiyo mkoko ndio uliopima chumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mwenye duka aliyetaka ghala kubwa hakuweza kupanua chumba. Aliongeza kingine mbele yake, na kingine tena, mpaka akafika mwisho wa kiwanja. Ndiyo maana maghala ya hapa yana kina kirefu kuelekea nyuma.

Stesheni ina ratiba, na ratiba ya Bagamoyo iliandikwa na pepo na jembe. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha. Bara, Wanyamwezi walitoka kwao baada ya mavuno, na wengi walitaka kurudi kabla ya msimu wa kulima kupita. Mfanyabiashara asiyezielewa kalenda hizo mbili alikaa pwani miezi na bidhaa zake, akilisha watu wasiotembea. Stanley mwenyewe alikwama hapa wiki kadhaa mwaka 1871. Kipindupindu kilikuwa kimepita na kuua wapagazi wengi, na waliobaki walijua thamani yao. Ilibidi augawe msafara wake katika makundi matano yaliyoondoka moja baada ya jingine, kila lilipopata watu wa kutosha, mpaka wote wakafika 192.

Aliyempatia watu hao, na ambaye Stanley alimlalamikia kurasa kwa kurasa, alikuwa kijana wa Kiismailia wa miaka 20 hivi aliyezaliwa Zanzibar: Sewa Haji Paroo. Stanley alimwona tapeli. Mimi namwona mkuu wa stesheni aliyeijua kazi yake kuliko abiria. Sewa Haji alijua nani yuko mjini, nani anadaiwa, kitambaa gani kinapendwa Ugogo na shanga za rangi gani hazinunuliki Ujiji mwaka huu. Katika miaka 20 iliyofuata karibu kila msafara mkubwa wa Wazungu ulipitia mikononi mwake. Mwaka 1892 alitoa jengo la ghorofa mbili mjini Bagamoyo liwe shule, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam ambayo ni chimbuko la Muhimbili ya leo. Alifariki mwaka 1897. Biashara yake ya bara iliendelezwa na Allidina Visram, aliyeanzia maisha hapahapa pwani na kusambaza maduka mpaka Uganda.

Lakini matajiri wana majina yao kwenye majengo. Wanaonishughulisha zaidi ni wale waliojaa ule ua.

Msafara unaoshuka kutoka bara ulisikika kabla haujaonekana. Mbele alikuwa kirangozi, mwenye joho jekundu na kilemba cha ngozi ya mbega, akishika bendera nyekundu ya Sultani. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Nyuma yake mpiga ngoma. Kisha wabeba pembe, watu wenye heshima ya kwanza katika safu, na mara nyingi ncha ya pembe ilifungwa kengele ya ng'ombe iliyolia kwa kila hatua. Pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilining'inizwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Kisha mizigo mingine, kisha wanawake na watoto. Ndiyo, wanawake walikuwamo: wake wa wapagazi waliobeba vyungu, mikeka na nafaka, waliopika na kuuza chakula njiani. Picha nyingi za safari hizi zimewaacha nje, na ni makosa. Karibu na mji watu walisimama, wakaoga, wakavaa nguo walizozitunza miezi mitatu, wakaingia kwa bunduki na nyimbo. Wakazi wa mji walitoka kuwatazama, na wafanyabiashara walitoka kuwawahi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya hapo alibeba vyake: mkeka wa kulalia, kibuyu, chakula, silaha. Vitambaa vya kwenda bara vilifungwa kwa kubanwa sana, vikawa gogo gumu lililokaa vizuri begani. Merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, kaniki kutoka India. Mzigo ulipimwa ndani ya ua, mbele ya macho ya mbebaji, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mpagazi mzoefu aliuinua, akauzungusha, akauweka chini, na akisema ni mzito basi ni mzito. Mizani ya tajiri haikuwa na neno la mwisho. Alipewa sehemu ya ujira mapema, na njiani alipata posho, kibaba cha nafaka kwa siku au kitambaa cha kununulia chakula. Tajiri aliyepunguza posho, au aliyelazimisha mwendo siku ambayo kirangozi alisema watu wapumzike, aliamka na kukuta mizigo imepangwa vizuri chini na hakuna wa kuibeba. Migomo ilikuwapo katika njia hii muda mrefu kabla ya chama chochote cha wafanyakazi kusajiliwa Tanganyika. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2006, kuonyesha kwamba watu hawa walikuwa na kazi yao, ujuzi wao, na desturi zao za kuilinda. Kwa Wanyamwezi ilikuwa pia alama ya utu uzima: kijana ambaye hajaiona bahari alichelewa kuhesabiwa kuwa mwanamume.

Mkaazi wa mwambao hahitaji kitabu ili kuupata urithi wao. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani mpaka leo, na wazee wa pande zote mbili hueleza kuwa utani huo ulikua katika misafara. Fikiria hali ya mgeni aliyetembea miezi mitatu, akaugua Uzaramo, hana ndugu wa kumtia maji mdomoni wala wa kumchimbia kaburi. Mtani akawa ndugu huyo. Alipaswa kumpokea, kumlisha, na akifa kumzika, na kwa haki hiyo akapewa uhuru wa kumtania na kuchukua cha kwake bila kugombezwa. Nenda kwenye msiba wowote wa Kizaramo wenye watani: mmoja atalala njiani mbele ya jeneza akidai hajaridhika, mwingine atadai koti la marehemu, na hapazikwi mtu mpaka walipwe kitu. Wanaocheka na wanaolia wako pamoja. Hakuna hoteli wala kituo cha afya kilichowahi kujengwa kwenye njia hii ambacho kimedumu kama mpango huo.

Safari iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya watu hawahawa. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi tisa. Njiani wenyeji wa sehemu moja walikataa maiti ipite kwao, nao wakaufunga upya ili ufanane na mzigo wa kawaida wa vitambaa, wakaendelea. Walifika Bagamoyo Februari 1874 na kuulaza katika kanisa la misheni kabla haujavushwa kwenda Unguja. Mnara wa kanisa hilo unaitwa kwa jina la Livingstone. Ningefurahi kama mtaa mmoja, hata mfupi, ungeitwa kwa jina la Susi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu utumwa, kwa sababu karibu kila mgeni huja Bagamoyo akiwa na neno hilo peke yake kichwani. Katika Ngome Kongwe, iliyojengwa miaka ya 1860 hivi, wageni huelezwa habari za njia ya chini ya ardhi iliyopitisha watumwa kutoka ngomeni hadi kwenye majahazi. Simulizi hiyo inavuta watu, na mateso inayoyakumbusha yalikuwa ya kweli: watumwa walipita mji huu, na wamisionari walipofika mwaka 1868 waliwakomboa wengi na kuwajengea kijiji. Lakini bandari kuu ya biashara hiyo katika mwambao huu ilikuwa Kilwa, kusini. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na misafara ya Bagamoyo haikufa. Iliongezeka, kwa sababu uti wake wa mgongo ulikuwa pembe na watu wa ujira. Pembe hizo zilikwenda kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Uingereza na Marekani. Tukiwaita wote waliopita katika ua huu watumwa, tunawanyang'anya kwa mara ya pili wale ambao walikuja kwa miguu yao, wakajadili bei yao, na wakarudi makwao na nguo na chumvi.

Stesheni yenye mapato hivyo haikosi wagombea wa lango. Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilichukua forodha za pwani kwa mkataba na Sultani, na majumbe waliokuwa wakipata chao kutoka kwa misafara wakaona riziki yao na heshima yao vinaondoka pamoja. Vita vilivyofuata, vya Abushiri bin Salim na, huko Saadani, Bwana Heri, vilivunja nyumba nyingi za Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani wakaushika mji, na kwa muda mfupi ukawa makao yao makuu.

Mwaka 1891 waliyahamishia Dar es Salaam. Hapa ndipo ule ufuko wenye mteremko mdogo ulipodai malipo yake: meli zilihitaji kina, na Dar es Salaam ilikuwa na kina. Hata hivyo wapagazi hawakuhama siku hiyo. Kwa miaka kadhaa baadaye waliendelea kushuka Bagamoyo, ambako kulikuwa na maduka yao, watani wao na mazoea yao. Serikali inaweza kuhamisha bendera kwa amri. Uwanja wa watu huchukua muda zaidi. Kilichouvunja ni reli. Mwaka 1901 Waingereza walifikisha yao kutoka Mombasa hadi Kisumu, na mizigo ya Ziwa Viktoria na Buganda ikageukia huko. Mwaka 1905 Wajerumani walianza Reli ya Kati, nayo ilianzia Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914.

Weka ramani ya reli hiyo juu ya ramani ya misafara. Morogoro ni Simbamwene. Dodoma iko Ugogo. Tabora ni Unyanyembe. Kigoma ni jirani wa Ujiji. Wahandisi walikuja na vyombo vya kupimia, na kwa sehemu kubwa wakaishia kufuata mwelekeo ambao nyayo za virangozi zilishauchagua, kwa sababu zilezile za maji, miteremko na chakula. Walichobadilisha hasa ni kichwa. Na waliochimba tuta na kulaza mataruma, kwa maelfu, walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wana wa wapagazi, wakilipwa ujira wa kujenga kitu ambacho kingeifuta kazi ya baba zao.

Bagamoyo ilibaki na ua mtupu. Wanaakiolojia wakiongozwa na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchimbaji katika Caravan Serai na kuchapisha matokeo yake mwaka 2004. Miaka miwili baadaye Tanzania iliiweka njia nzima kwenye orodha ya awali ya UNESCO, Bagamoyo pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililoandikwa huko ni njia ya watumwa na pembe. Ningependa wapagazi nao waingizwe katika jina hilo, kabla njia haijatoka kwenye orodha ya awali kwenda kwenye ile kamili.

Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na reli inaendelea kujengwa kuelekea Tabora na kwingineko. Mtu wa Tabora anayetaka kuuona mji ambao babu wa babu yake aliufikia kwa miguu moja kwa moja, atashuka Dar es Salaam, atatafuta basi, na atapanda kaskazini kilomita 70 hivi kwa barabara.